Kuvua taiga Mto Zambezi msimu wa joto: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ifikapo Agosti maswali haya huanza kumiminika kutoka kwa watu wanaojiandaa kwenda Zambezi kumvua taiga, samaki mwindaji mwenye meno makali, kwa fimbo na mshipi. Nimeyapanga kuanzia ya msingi hadi yale ya nadra. Mwenye haraka aruke anapotaka, ila asiiruke sehemu ya kumrudisha samaki majini.

## Kuuelewa mto kwanza

Msimu wa joto wa Zambezi ni lini hasa?

Ni Septemba, Oktoba na Novemba. Ukizoea kiangazi cha pwani yetu, cha Desemba hadi Machi, utapotea: miezi hiyo kule ni ya mvua. Juni na Julai ni baridi, na asubuhi kwenye boti utatafuta koti. Agosti joto linaanza kurudi, Septemba maji yanapata uvuguvugu, na Oktoba jua la bondeni huvuka nyuzi 40 bila shida. Mvua za kwanza huja Novemba.

Taiga hufuata joto la maji. Maji yakiwa baridi hula kidogo na kukaa chini. Yakipata joto huwinda karibu kutwa nzima. Ndiyo maana mashindano makubwa ya kuvua taiga ya Ziwa Kariba, yaliyoanza mwaka 1962, hufanyika Oktoba.

Mbona maji hupungua wakati wa joto, na mvuvi anafaidika nini?

Zambezi hubeba mvua iliyonyesha miezi mingi iliyopita. Mto unaanzia karibu na Mwinilunga, kaskazini-magharibi mwa Zambia, unapita Angola, unarudi Zambia, kisha unasambaa kwenye uwanda wa Barotse. Uwanda huo hunywa mafuriko kama sifongo na kuyaachia polepole. Kwa sababu hiyo maji hufika kilele Maporomoko ya Victoria mnamo Aprili, mvua ikiwa imekwisha, na huwa machache kabisa Oktoba na Novemba.

Kwa mvuvi huu ndio ufunguo wa safari yote. Maji yakijaa, samaki wadogo wametawanyika katika majani ya uwandani na taiga wametawanyika nyuma yao. Maji yakishuka, wadogo hulazimika kurudi mtoni kupitia vijito vyembamba, na kwenye mdomo wa kila kijito kuna mdomo mwingine unasubiri. Tena maji yanakuwa maangavu, na taiga huwinda kwa macho. Kabla ya kuuliza chambo gani, uliza maji yamefika wapi.

Je, Zambezi nzima huvuliwa kwa namna moja?

Hapana, na kosa la kwanza la wengi ni kusoma habari za sehemu moja wakaenda nyingine.

Zambezi ya juu ni yote iliyo juu ya Maporomoko ya Victoria: Barotse, Senanga, Sioma, Katima Mulilo, hadi pale Chobe inapoingia karibu na Kasane na Kazungula. Ni mto wa visiwa, mawe na matete. Huku msimu unaanza mapema. Maji yakianza kutoka uwandani, hata Julai na Agosti unaweza kupata siku nzuri licha ya baridi.

Zambezi ya kati inaanzia chini ya maporomoko, inapita Ziwa Kariba, Chirundu, Mana Pools, hadi mto Luangwa unapoingia mpakani mwa Zambia, Zimbabwe na Msumbiji. Hapa Septemba hadi Novemba ndiyo miezi yenyewe. Chini yake ni Msumbiji: ziwa la bwawa la Cahora Bassa, kisha mto mpana wa mchanga hadi Bahari ya Hindi.

Msomaji wa Kyela au Ludewa asijione mgeni kabisa. Maji ya Songwe na Ruhuhu huingia Ziwa Nyasa, na Ziwa Nyasa humwaga kwa mto Shire ndani ya Zambezi hiyo hiyo.

## Samaki wenyewe

Taiga ni samaki gani?

Jina limetokana na simbamarara kwa Kiingereza, na wavuvi wa huko humwita taiga tu. Ana mwili wa fedha wenye mistari myeusi kuanzia shavuni hadi mkiani, mapezi ya chungwa yanayokolea kama kaa la moto, na meno marefu yaliyochongoka ambayo huyaoni tu akipanua mdomo: hata akiufumba yanabaki nje, ya juu yakiingiana na ya chini kama mtego. Kitaalamu ni *Hydrocynus vittatus*. Asichanganywe na ndugu yake mkubwa wa mto Kongo, *Hydrocynus goliath*, ambaye Zambezi hayupo.

Ni mwindaji wa mbio. Mwaka 2014 watafiti wa Afrika Kusini walichapisha ushahidi wa taiga wakiruka kutoka kwenye maji ya bwawa na kuwadaka mbayuwayu wakiwa hewani.

Wa kwanza niliyemshika mimi sikumfikisha hata botini. Fimbo ilijikunja ghafla, mshipi ukakata maji ukilia, na kama mita thelathini mbele samaki akaruka wima, akatikisa kichwa mara mbili, kijiko, yaani chambo bandia cha chuma, kikamtoka mdomoni na kudondoka majini kwa sauti ndogo, *chubwi*. Nusu dakika haikufika. Mikono ilinitetemeka kwa muda mrefu kuliko pambano lenyewe.

Nitarajie samaki wa ukubwa gani?

Wengi utakaowapata ni wa kilo 1 hadi 3. Wa kilo 5 ni samaki wa kukumbukwa, na wa kilo 10 wengine wamemtafuta miaka mingi bila kumwona. Rekodi ya dunia ya aina hii ni kilo 16.1, kutoka Ziwa Kariba mwaka 2001. Wakubwa karibu wote ni majike, jambo ambalo nitalirudia hapo chini kwa sababu lina uzito wake.

Ukiacha taiga, kuna nini?

Vundu kwanza: kambale mkubwa kupita wote wa mto huu, anayepita kilo 30. Yupo Kariba na chini yake. Juu ya Maporomoko ya Victoria hayupo. Kumvuta vundu ni kama kuvuta gogo linaloogelea, pambano la mgongo na subira.

Zambezi ya juu ina jamii ya ngege na sato wa kila rangi, na miongoni mwao nembwe, mwindaji wa kijani-manjano anayejificha kwenye mizizi na magogo. Binafsi naona nembwe hapewi heshima anayostahili. Huko juu pia kuna yule samaki mrefu mwenye pua ya mamba, *Hepsetus*, anayekaa kwenye majani mazito ya maji yaliyotulia kwa kuwa kwenye maji ya wazi taiga angemmaliza.

Ni kweli vundu huvuliwa kwa sabuni?

Kweli kabisa. Mche wa sabuni ya bluu ya kufulia hukatwa vipande vya ukubwa wa kiberiti, huchomekwa kwenye ndoano kubwa na kushushwa chini kabisa. Kambale hutafuta chakula kwa kunusa na kuonja maji, na sabuni hutoa harufu ya mafuta kwa muda mrefu bila kunyofolewa na samaki wadogo. Ini na matumbo ya kuku pia hufaa. Vundu hula zaidi jioni na usiku.

## Vifaa na mbinu

Nibebe vifaa gani?

Fimbo ya mita mbili hivi yenye mgongo mgumu, gurudumu la kukunjia mshipi lenye breki laini na nafasi ya mshipi wa mita 150 au zaidi, na mshipi wa kusukwa wa kuhimili kilo 10 hadi 15. Kati ya mshipi na ndoano lazima pawe na waya wa chuma wa urefu wa kiganja na nusu au zaidi. Bila waya, meno yale hukata mshipi na samaki huondoka na ndoano mdomoni.

Beba jiwe la kunolea. Mdomo wa taiga ni mfupa mtupu, na ndoano iliyogusa mwamba mara moja tu imeshakuwa butu. Noa kila baada ya samaki, na kila baada ya kukwama. Beba pia koleo ndefu ya kuchomolea ndoano. Kidole hakina kazi karibu na mdomo ule.

Mbona ananivuta kwa nguvu, halafu namkosa kila mara?

Kwa sababu ya mfupa huo niliousema, na kwa sababu taiga hugonga kwa kasi, kisha huruka na kutikisa kichwa. Kupoteza wengi kuliko unaowapata ni kawaida, hata kwa waliozaliwa kando ya mto. Yapo mambo mawili yatakayokusaidia. Akigonga, usinyanyue fimbo juu kama unavua sato. Vuta kwa upande, kwa nguvu, mara mbili au tatu, huku mshipi umekaza. Akiruka, shusha ncha ya fimbo kuelekea maji ili mshipi usilegee.

Chambo cha kweli au cha bandia?

Maji yakiwa maangavu na samaki wana njaa, chambo bandia kinatosha: kijiko cha fedha au shaba, au samaki wa plastiki anayepiga mbizi. Rusha karibu na mawe, miti iliyozama, ukingo wa mchanga unaoshuka ghafla kwenye kina, na pale maji ya kasi yanapokutana na maji yaliyotulia.

Joto la mchana likizidi, au maji yakiwa na ukungu, kipande cha mnofu wa samaki kilichokatwa mrefu kama ulimi, kikielea na boti kuteremka na mkondo, hupita vyote. Kwenye Ziwa Kariba chambo kikuu ni kapenta, na hapa kuna hadithi ya nyumbani: kapenta ni dagaa wa Ziwa Tanganyika, waliopelekwa Kariba mwaka 1967 na 1968. Hao ndio chakula kikuu cha taiga wa ziwani leo.

Saa gani ni nzuri?

Alfajiri hadi saa tatu asubuhi, kisha kuanzia saa kumi hadi giza. Ila Oktoba usilale mchana kwa lazima. Nimeona taiga wakiwinda saa saba, jua likiwa utosini, mahali ambapo mto wenye kina unapita chini ya ukingo mrefu wenye kivuli.

Mbalamwezi ina athari?

Ziwani, ndiyo. Wavuvi wa kapenta hutumia taa usiku wa giza, na dagaa wakikusanyika chini ya taa taiga hukusanyika chini ya dagaa. Mbalamwezi ikiwa kamili, kapenta hawakusanyiki vizuri na taiga hutawanyika. Mtoni sijaona tofauti ya kunifanya nipange safari kwa mwezi.

Mbona mto umepanda au kushuka kwa siku moja bila mvua?

Uko chini ya Kariba. Ukuta wa bwawa la Kariba, uliokamilika mwaka 1959, huachia maji kufuatana na mahitaji ya umeme ya Zambia na Zimbabwe, na Chirundu unaweza kuona mchanga uliokuwa mkavu asubuhi umefunikwa jioni. Maji yakianza kupanda taratibu, taiga husogea kingoni. Yakishuka ghafla huacha kula kwa muda. Funga boti kwa kamba yenye nafasi, la sivyo utaikuta imekaa juu ya mchanga.

## Kumrudisha samaki majini

Kwa nini watu husisitiza taiga arudishwe, na hasa msimu wa joto?

Joto linalomfanya taiga awe na njaa ndilo hilo hilo linalomuua mikononi mwako. Maji ya moto hushika oksijeni kidogo. Samaki aliyepigana dakika kumi katika maji ya Oktoba ametumia nguvu zote na hana pa kuvutia pumzi. Kwa nje anaonekana mkali na mgumu, meno yale yote, lakini ndani ni samaki dhaifu sana akishachoka. Nimewaona wakiachiwa vibaya, wakaelea tumbo juu hatua chache kutoka kwenye boti, huku mwenye picha akiangalia simu yake.

Ongeza hili: wakubwa ni majike. Jike la kilo 7 hubeba mayai mengi kupita majike madogo kadhaa, na taiga huzaa mvua zikianza na mto ukipanda. Kwa hiyo samaki unayemshika Oktoba na Novemba ndiye anayejiandaa kuzaa. Kumuua kwa ajili ya kipimo na picha ni kukata mti wa mbegu.

Nimrudisheje ili aishi kweli?

Anza kabla hajashika. Tumia ndoano moja isiyo na chembe, ile ncha ya pembeni inayozuia kuchomoka. Unaweza kuibana kwa koleo ikalala. Tumia mshipi wenye nguvu ya kutosha ili pambano liwe fupi. Kumchosha samaki kwa mshipi mwembamba makusudi si ufundi.

Akifika botini, mwache ndani ya maji huku unachomoa ndoano. Kama lazima umtoe, lowesha mikono, mshike mkia kwa mkono mmoja na mwingine uweke chini ya tumbo. Usimning'inize kwa taya, wala usimlaze kwenye bati la boti lililopigwa na jua. Weka mkono wako hapo kwanza, utajua. Vuta pumzi ndefu na uizuie unapomtoa majini. Ukihitaji kupumua, na yeye anahitaji.

Kisha mwelekeze kichwa kwenye mkondo ili maji yapite kwenye matamvua, na umshike hadi ajichomoe mwenyewe. Mzee mmoja wa Chirundu aliyekuwa akituendeshea boti alikaa na jike moja hivyo karibu dakika nne, mkono ndani hadi kiwiko, na mwenzake kasimama na kasia akichunga mamba. Nilipomwambia, "Mzee, si umwachie tu," alijibu bila kuinua macho, "Bado hajaniaga." Muda kidogo baadaye mkia ukapiga, akaondoka.

Anatoka damu kwenye matamvua. Nifanyeje?

Huyo hataishi. Kama sheria za eneo zinaruhusu kuchukua samaki, muue haraka na umle. Ana miiba mingi midogo, hivyo mkate mistari ya karibu karibu kabla ya kukaanga.

## Vibali na usalama

Ninahitaji kibali? Na Desemba naweza kuvua?

Kibali unahitaji, na kila nchi ina chake. Boti ikivuka katikati ya mto imevuka mpaka. Ndani ya hifadhi, kama Mana Pools upande wa Zimbabwe, kuna masharti ya ziada, kwa hiyo uliza getini kabla ya kutupa ndoano.

Zambia hufunga uvuvi kuanzia Desemba mosi hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane, na Ziwa Kariba limekuwa likiachwa nje ya katazo hilo. Panga safari ya mtoni iishe Novemba. Sababu iko kwenye swali la kurudisha samaki hapo juu.

Hatari kubwa ni ipi?

Kiboko, kisha mamba, kisha jua. Kwenye maji machache ya Oktoba viboko hujazana kwenye vidimbwi vyenye kina, ambavyo taiga pia hupenda. Usipite kati ya kiboko na kina cha maji, na ukimwona akizama karibu nawe, ondoka kwa upande wa maji mafupi. Usinawe mikono ukingoni, usikanyage maji kufuata kijiko kilichokwama, kikate. Ziwani Kariba ogopa upepo pia: mawimbi hunyanyuka kwa dakika chache na ukingo unakuwa mbali.

Dawa za kinga ya malaria, kofia na maji ya kunywa mengi kuliko unavyodhani.

## Maswali ya nadra

Nimepata samaki mwenye vidonda vyekundu. Ni nini?

Huenda ni ugonjwa wa vidonda unaosababishwa na kiumbe kinachofanana na kuvu, *Aphanomyces invadans*, uliothibitishwa katika maji ya Chobe na Zambezi mwaka 2007. Hauambukizi binadamu, ila mwenye vidonda vikubwa usimle. Usihamishe samaki wala maji kutoka mto mmoja hadi mwingine, na kausha vifaa vyako juani kabla ya safari nyingine.

Kitu kinakula chambo changu kidogo kidogo na sioni samaki.

Kwenye Kariba huenda ni kamba wa maji baridi mwenye makucha mekundu, mwenyeji wa Australia, aliyetoroka kwenye mabwawa ya ufugaji. Wamesambaa mno. Inua chambo kutoka chini. Sato wa Mto Nile naye ni mgeni aliyetoroka hivyo hivyo, na anammaliza ngege wa asili wa Zambezi ya kati, *Oreochromis mortimeri*, ambaye sasa yuko hatarini kutoweka. Ukivua mgeni, chukua, huyo usimrudishe.

Papa wa Zambezi yupo kweli?

Yupo, ni papa wa baharini anayestahimili maji baridi na kupanda mtoni. Ni wa Msumbiji, chini ya Cahora Bassa. Huwezi kukutana naye Chirundu wala Kariba.

Mwaka wa ukame, niahirishe?

Mwaka 2024 Kariba lilishuka kiasi cha umeme kukatika saa nyingi Zambia na Zimbabwe. Ziwa likishuka hivyo, ghuba za pembeni hukauka na njia za boti hubadilika, hivyo nenda na mwenyeji anayejua miti iliyozama. Taiga hupatikana kwa urahisi kwa sababu wamebanana, na hapo ndipo ninapokuomba uvue nusu siku tu: maji ni ya moto, oksijeni haba, na wote wako sehemu moja.

Nimefika na mvua imeshaanza. Safari imeharibika?

Bado. Mvua za kwanza za Novemba huchafua vijito kabla ya mto mkubwa. Tafuta mahali ambapo maji ya kahawia ya kijito yanaingia kwenye maji ya kijani ya Zambezi; utauona mstari kama umechorwa. Samaki wadogo husombwa na tope, na taiga hukaa upande wa maji safi, pua zao zikielekea kwenye kahawia. Funga boti upande wa kijani, rusha ndani ya tope, na uvute kijiko kivuke mstari.